TAHADHARI: Pawa saplai "kimya" zilizonyongwa feni

Wadau, habari zenu. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya vifaa vya kompyuta akinadi pawa saplai (kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme) za kompyuta za mezani: "Kimya kabisa, wati 650, Gold, kama mpya." Simtaji, na hata ningemtaja isingesaidia, maana malalamiko yakizidi hubadilisha jina la akaunti na tangazo lilelile linarudi. Mimi ni fundi. Wateja wake wanaishia kwangu na kompyuta zinazojizima zenyewe, na nimeshafungua mizigo yake ya kutosha kuujua mchezo wote.

Anawawinda waliochoshwa na kelele. Mtu ambaye kompyuta yake inanguruma usiku kucha akisikia neno "kimya", haulizi la pili.

Mchezo wenyewe uko hivi. Anachukua pawa saplai kuukuu ambayo beringi ya feni imekwisha. Angeitoa feni hiyo akaweka nyingine nzima ya volti 12, saizi ileile na kasi ileile, ningempa hongera, kwa sababu hayo ni matengenezo halali. Yeye anakata waya mwekundu wa feni, anaunga resista (kijidude cha kupunguza umeme) katikati, anazungushia tepu nyeusi, na feni inabaki inajikokota. Moja niliyoifungua haikuwa hata na resista: waya zote mbili zimekatwa, ncha zimezamishwa kwenye gundi, feni imebaki pambo. Juu ya skrubu alikuwa amebandika stika mpya ya waranti, lakini vichwa vya skrubu vimekwaruzwa na bisibisi.

Kelele imeisha, kweli, ila joto limebaki ndani. Kapasita, yaani vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zinakauka na kuvimba, umeme unaoingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) unaanza kuyumba, na ukifungua gemu zito kompyuta inazima ghafla. Hapo una bahati, maana kinga ya joto imefanya kazi yake. Zile za bei ya kutupa mara nyingi hazina kinga hiyo, na taarifa ya kwanza utakayopata ni harufu ya kuungua.

Ukimuuliza mbona feni haizunguki, ana jibu tayari: "Hiyo ni teknolojia mpya, feni inalala mzigo ukiwa mdogo." Hapa ndipo anapowamaliza wengi, kwa sababu nusu ya maneno hayo ni kweli. Pawa saplai za namna hiyo zipo, na ni nzuri. Lakini feni inayolala kihalali huamka mzigo au joto linapopanda. Endesha gemu zito kwa nusu saa, kisha weka kiganja nyuma ya kompyuta, kwenye wavu wa pawa saplai. Usiposikia upepo wowote na bati limechemka, umeshapigwa.

Video zake nazo ziangalieni vizuri. Pawa saplai iko peke yake mezani, kipande cha waya kimeunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, feni inazunguka taratibu, yeye anasema "mnasikia kelele yoyote?" Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba kifaa kinawaka. Bila mzigo hata kibovu kinatulia. Mwambie aifunge kwenye kompyuta, aipe kazi nzito, arekodi na sauti. Kwa waliojaribu kumwomba hivyo, jibu lake lilikuwa kuwablock.

Halafu hiyo stika ya Gold. Gold ni daraja mojawapo la alama ya 80 PLUS. Alama hiyo, iliyoanza mwaka 2004, inahusu umeme mdogo kiasi gani unapotea njiani, haipimi kelele. Modeli zilizopewa alama hiyo zimeorodheshwa wazi mtandaoni, kwa hiyo tafuta namba ya modeli kabla hujatuma hela. Ukishaiona lebo yenyewe, nenda kwenye safu ya volti 12, chukua ampea zidisha kwa 12, upate wati za safu hiyo. Chini ya stika yake ya wati 650 niliwahi kukuta lebo ya asili: ampea 20 kwenye volti 12, yaani wati 240. Na ukiona nyuma kuna kiswichi chekundu cha kuchagua volti, 115/230, huku stika inasema Gold, achana nayo. Kwa kawaida viwili hivyo havikai pamoja.

Kwa mwenye kelele nyumbani: hakikisha kwanza kwamba inatoka kwenye pawa saplai, si feni za kasha wala diski. Ikiwa ni mkwaruzo, huenda ni vumbi au beringi. Puliza vumbi kutoka nje, kompyuta ikiwa imechomolewa, feni ukiwa umeizuia isizunguke. Ikiwa ni mlio mwembamba kama wa mbu unaobadilika kulingana na kazi, hizo ni koili zinatetemeka. Unakera, ila kwa kawaida haudhuru. Usiifungue pawa saplai mwenyewe: kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Ambaye ameshaagiza na mzigo haujafika, asilipe salio kabla ya kukagua skrubu na kuangaza tochi kwenye wavu wa feni: tepu nyeusi kwenye waya wa feni mara nyingi huonekana bila kufungua kitu. Ambaye ameshaifunga, azime, aitoe, apige picha lebo na skrubu, adai hela yake kupitia njia aliyolipia. Na picha za tangazo wekeni hapa kwenye maoni. Akibadilisha jina tena, tutamjua kwa picha zake.