NXP TJA1021: transiva ya LIN inayokwambia ni nani aliyeiamsha

Moduli ya mlango wa gari ikiamka, lazima ijue imeamshwa na nini: swichi ya dirisha iliyo hapo hapo mlangoni, au ujumbe uliokuja kwa waya wa LIN, waya mmoja unaopitisha data kati ya moduli za gari. TJA1021, chipu inayotuma na kupokea ujumbe kwenye waya huo, ina pini 8 tu, na inajibu swali hilo kwa kutumia pini ya 4, TXD, ile ile inayopokea data ya kutumwa. Ubunifu huu ni mzuri sana, ila una masharti.

Ikishaamka, volti ya pini ya INH inapanda na kuwasha regyuleta, inayolisha umeme maikrokontrola (kompyuta ndogo ya moduli), na RXD, pini inayoipelekea maikrokontrola data iliyopokelewa, inashuka chini. Kama aliyeiamsha ni swichi kwenye WAKE_N, pini ya kuamshia hapo hapo, TXD inavutwa chini kwa nguvu. Kama ni waya wa LIN, inavutwa kidogo tu, kupitia resista ya ndani isiyopungua kilo-omu 140. Bila resista inayoivuta TXD juu, huoni tofauti yoyote. Weka kilo-omu 10 kutoka TXD hadi umeme wa maikrokontrola: kwenye volti 5, mwamko wa LIN utasomeka volti 4.7 hivi, wa swichi karibu na sifuri. Ukitegemea resista ya ndani ya maikrokontrola yenye kilo-omu 50, volti inaweza kushuka hadi 3.7, na maikrokontrola nyingi huanza kuhesabu "juu" kwenye 3.5. Nafasi hiyo ni finyu mno. RXD nayo iwekee resista yake, maana haipandi yenyewe.

Wengi hukosea kwenye programu. SLP_N, pini ambayo maikrokontrola huitumia kuilaza chipu au kuirudisha kazini, ikipandishwa tu, alama zote mbili, ya TXD na ya RXD, hufutika papo hapo. Na UART (sehemu ya maikrokontrola inayotuma na kupokea data) ikiwashwa mapema, maikrokontrola inaishikilia TXD juu, inashindana na transiva, na kila mwamko unaweza kuonekana umetoka LIN. Soma RXD, kisha TXD ikiwa bado ni pini ya kuingiza, hifadhi jibu, ndipo upandishe SLP_N na kuwasha UART.

Usiiruke RXD. Betri ikichomolewa na kurudishwa, TXD husomeka juu kana kwamba LIN imeamsha, lakini RXD haiko chini. Hiyo ndiyo alama pekee ya kutofautisha.

Waya wa LIN ukigusa bodi ya gari na kubaki chini, chipu haiamki, kwani inangoja waya upande tena. Hapo betri imeokolewa. WAKE_N nayo husikia swichi inapofunga kwenda chini, si inapofunguka; usipoitumia, iunge kwenye betri.

Upungufu wake ni kwamba WAKE_N ni moja tu. Ukiwa na swichi tatu, ziunge zote hapo, kila moja kwa dayodi yake (inayopitisha umeme upande mmoja tu), na maikrokontrola isome kila swichi kivyake mara inapowaka, kidole kikiwa bado kimebonyeza.