Simu ya Kununua Nairobi Ikiwa Unataka Iwe Yako Kweli

Malalamiko yamenijia mengi mwezi huu, na karibu yote ni yale yale: mtu amenunua simu ya Pixel ya mtumba kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, akaapiwa iko wazi kabisa, kufika nyumbani anataka kuweka mfumo mwingine, simu inakataa.

Kamera na betri waulize wengine, wako tele. Mimi naangalia kufuli la butiloda, ile programu ndogo inayoamka kwanza ukiwasha simu na kuamua mfumo upi uruhusiwe kuendelea. Ufunguo ukibaki kwa kampuni, siku masasisho yatakapokoma huna pa kwenda.

Namba moja ni Google Pixel, na sifichi upendeleo wangu. Ajabu ni kwamba simu ya Google ndiyo rahisi kuiondolea Google. GrapheneOS, mfumo wa Android usio na Google ndani, hata imetengenezewa Pixel. Na kuanzia Pixel 8 ya 2023, umeahidiwa masasisho ya miaka 7. Ila ikwepe iliyouzwa na Verizon, kampuni ya mtandao wa simu ya Marekani. Inashika laini ya Safaricom na Airtel bila shida, ndiyo maana muuzaji anaapa, lakini butiloda yake haifunguki.

Kwa hivyo kabla hujalipa, washa hotspoti yako uiunganishe simu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa "Build number" mara 7. Menyu ya wasanidi itajitokeza. Humo tafuta "OEM unlocking". Kitufe kikiwa cha kijivu, hakibonyezeki hata intaneti ikiwepo, rudisha simu. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike.

Ya pili, Xiaomi. Inafunguka, lakini uombe ruhusa kwa akaunti yao kisha usubiri, na HyperOS, mfumo wao mpya, imezidisha masharti. Kuomba ruhusa ya kitu ulicholipia!

Ya tatu, Samsung. Galaxy S24 nayo ina miaka 7, sawa, lakini ukifungua butiloda na kuweka mfumo mwingine, Knox, kinga ya usalama ya Samsung, inaungua isirudi tena, hata ukirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Na kwenye One UI 8, toleo la mfumo wa Samsung la mwaka 2025, kitufe chenyewe cha "OEM unlocking" kikaondolewa.

Tecno, Infinix na itel ni za mama mmoja, Transsion. Bei nafuu, programu umejaziwa. Basi.

Simu za kulipa pole pole sizipangi kabisa. Ukichelewesha malipo skrini inafungwa kutoka mbali, na kuna msomaji aliyemaliza deni lote, kufuli bado liko.

Jua pia kwamba ukishafungua, programu za benki huenda zikagoma. M-Pesa utaipata kwa *334#.

Kinachoniudhi hasa ni bei. Ya Verizon na iliyo huru zinakaa kabati moja, bei moja, na ukiuliza tofauti unajibiwa, "Zote ni sawa, madam." Mwonyeshe kile kitufe cha kijivu uone anavyoshusha bei hapo hapo, bila hata kuuliza ni cha nini.