Mvinyo mwekundu wa Ufaransa, mavuno ya 2016: chupa za bei nafuu nilizonunua na zilivyokaa

Shemeji yangu alipokuja kututembelea hapa Lyon aliichukua chupa iliyokuwa mezani, akaigeuza, akasoma karatasi yake, kisha akaniuliza kwa upole: "Shemeji, hii si imeshaisha muda? Naona imeandikwa 2016." Swali la haki kabisa. Sisi ni watu wa Dodoma. Kwetu mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na chupa nyingi tulizokua tukiziona hazikuwa na mwaka wowote. Namba ya mwaka ambayo mtu huitafuta kwenye chupa au kopo ni ile ya mwisho wa matumizi. Hapa 2016 ni mwaka zabibu zilipovunwa. Nilimmiminia. Akanywa, akanyamaza kidogo, akasema, "Hii ina karafuu." Ilikuwa Vacqueyras, mvinyo unaoitwa kwa jina la kijiji chake cha kusini, niliyoinunua kwa yuro 12 na nusu.

Kati ya Septemba 2018 na mwisho wa 2019 nilinunua chupa 42 za mavuno ya 2016, zote nyekundu, zote chini ya yuro 16. Kama nusu zilitoka kusini mwa bonde la mto Rhône na nusu Bordeaux, magharibi mwa nchi. Jengo letu ni la zamani, kila mpangaji ana kijistoo chake chini ya ardhi, hakina dirisha, na ubaridi wake haubadiliki sana iwe Julai au Januari. Humo ndimo zilimokaa. Nimezinywa polepole miaka yote hii, na kila chupa niliandika kwenye daftari siku niliyoifungua na hali niliyoikuta. Kwa hiyo ninayosema hapa nimeyaonja mwenyewe.

Kwanza, kwa nini 2016. Ufaransa zabibu huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Mvua ikinyesha wakati wa maua, au baridi ikaunguza machipukizi, mkulima hana msimu wa pili wa kujifuta machozi, atasubiri hadi mwaka unaofuata. Ndiyo maana hapa mwaka una uzito kuliko kwetu. Bordeaux mwaka 2016 ilianza vibaya, mvua ya nusu mwaka wa kwanza ilikuwa nyingi mno. Halafu majira ya joto yakaja makavu, jua juu ya jua, hadi mizabibu michanga ikaanza kuteseka. Katikati ya Septemba ikashuka mvua iliyoiokoa, na baada yake anga ikatulia hadi mavuno yakaisha. Kusini mwa Rhône nako kiangazi kilikuwa kikavu, mchana joto, usiku baridi, na zabibu zilikuja nyingi na nzuri kwa pamoja, jambo ambalo si la kila mwaka. Lakini 2016 haikuwa neema kwa Ufaransa nzima. Bourgogne, eneo jingine la mvinyo, ilipigwa na baridi kali mwishoni mwa Aprili, mavuno yakawa haba, bei ikapanda. Huko sikugusa.

Sasa niseme jambo ambalo lingeniokolea hela kama ningeambiwa mapema. Mwaka mzuri unamfaa zaidi mkulima mdogo kuliko jina kubwa. Shamba tajiri la Bordeaux, hata mwaka ukiwa mbaya, lina uwezo wa kuchambua zabibu moja moja, kutupa zilizooza, na pipa lisilowaridhisha wakalishusha kwenye mvinyo wao wa pili, ule wa daraja la chini wenye jina jingine. Mkulima wa hekta chache hawezi hivyo, anavuna alichojaliwa. Mwaka kama 2013, uliokuwa wa baridi na mvua Bordeaux, chupa ya mkulima wa namna hiyo utaisikia ikiwa nyepesi na chachu. Mwaka kama 2016, mkulima yuleyule kwa mikono ileile anatoa kitu kizito, kilichoiva, kinachokaa miaka. Upande wa bei ni kinyume chake. Jina kubwa linapandisha bei mwaka mzuri kwa sababu dunia nzima inaligombania. Yule wa Castillon au Fronsac, pembe za Bordeaux zisizo na jina kubwa, hapandishi sana, hana wa kumgombania. Pengo hilo ndilo nililokuwa nikilinunua.

Kosa nililofanya lilikuwa kudhani kwamba mwaka unatosha peke yake. Mwanzoni kabisa nilichukua katoni ya chupa sita za Bordeaux ya kawaida, chini ya yuro 5 kila moja, zikiwa na stika ya medali ya dhahabu na 2016 kwa maandishi makubwa. Mbili tulizinywa mwezi uleule, zilikuwa safi, tamu ya matunda. Nikasema huu ni mwaka wa kukaa, nikazihifadhi nne. Nilipofungua ya tatu mwaka 2021 nilikuta maji mekundu yenye ukali kidogo, tunda limeondoka lote, na zilizofuata zilikuwa vilevile. Mvinyo wa bei hiyo hutengenezwa unywewe ungali mpya, na mwaka mzuri hauwezi kuubadilisha uwe wa kukaa. Anayetaka kuhifadhi aanzie kama yuro 9 au 10. Chini ya hapo nunua, kunywa, maliza.

Zilizonifurahisha kuliko zote ni za kusini. Nilipanda treni kutoka Lyon hadi Orange, nikaunganisha basi, nikashuka karibu na Vacqueyras asubuhi ya upepo. Ule upepo wao, mistral, unavuma kama umetumwa. Macho yanatoka machozi lakini zabibu zinakauka haraka baada ya mvua, na ukungu wa kuozesha matunda haupati pa kushika. Mashariki unaona Dentelles de Montmirail, mawe meupe yaliyosimama wima kama meno. Mkulima niliyemkuta alikuwa akiosha tangi la saruji kwa mpira wa maji, buti hadi magotini. Alinionjesha mvinyo wake wa zabibu aina ya Grenache kabla haujachanganywa na ule wa aina ya Syrah. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia kuhusu kwetu, kwamba mama alikuwa na ekari moja na nusu ya zabibu Hombolo, tukivuna mara mbili. Akaiweka glasi chini. "Mara mbili? Mzabibu unapumzika lini?" Nikamweleza kwamba hatuna theluji ya kuulaza, tunaukata, unachipua upya. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akaniwekea chupa ya saba juu ya zile sita nilizolipia.

Vacqueyras hiyo ina asilimia 14 na nusu ya kileo, si ya kunywea mchana wa kazi. Miaka miwili ya kwanza ilinuka zambarau zilizoiva hadi kupasuka, na pilipili manga. Kuanzia 2021 ikaanza kuleta karafuu ile aliyoisikia shemeji, na harufu ya udongo mkavu ulioguswa na mvua ya kwanza. Hakuna hata chupa moja iliyoharibika. Jirani yake Gigondas ni nzuri pia, lakini jina lake limeshajulikana na bei yake ilikuwa imevuka kikomo changu. Châteauneuf-du-Pape ndiyo usiseme.

Cairanne ilikuwa bahati ya wakati. Kijiji hicho kilikuwa kikiuza mvinyo wake chini ya mwavuli wa Côtes du Rhône Villages, na mwaka 2016 kikapandishwa daraja, kikapewa haki ya kutumia jina lake peke yake. Nilinunua kwa yuro 10 na senti kidogo kabla bei haijajua kwamba cheo kimepanda. Rasteau nayo mvinyo wake mwekundu mkavu ulipanda hivyo hivyo 2010, na Vinsobres 2006, na zote mbili bado naziona kwa bei ya mtu wa mshahara. Mimi nikiingia dukani macho yangu yanatafuta majina hayo kabla ya Bordeaux yoyote.

Chupa moja ya Cairanne ilikuwa imeharibiwa na kizibo. Ukiifungua unasikia harufu ya kadibodi iliyolowana ikakaa stoo, na ukionja, tunda lote limefunikwa. Wafaransa wanasema "bouchonné". Kosa linatoka kwenye kizibo chenyewe, linaweza kumpata mkulima yeyote, na ukiiacha glasi ipumue haliondoki. Niliirudisha ikiwa karibu imejaa kwa muuzaji mdogo wa mvinyo mtaani kwetu. Alinusa mara moja tu, akanipa nyingine, wala hakuniuliza risiti. Yaliyonipata kwenye supamaketi moja na chupa ya Bordeaux yenye tatizo hilohilo yalikuwa tofauti: bila risiti hawakutaka hata kuinusa. Tangu siku ile risiti za mvinyo nazibana na daftari langu, na chupa za kuhifadhi nanunua kwa watu wanaonusa.

Upande wa Bordeaux, nilizozipenda ni Castillon na Fronsac, yuro 11 hadi 14. Castillon iko mashariki tu ya Saint-Émilion yenye jina kubwa, udongo wa chokaa unaendelea, zabibu inayotumika zaidi ni aina ya Merlot kama kwa majirani wao, ila bei inashuka ghafla ukivuka mpaka. Fronsac iko upande wa pili, karibu na mji wa Libourne. Zikiwa changa zina ukakasi wa kweli, ule wa bibo ambalo halijaiva, ulimi unakauka na mashavu yanavutwa. Nilifungua Fronsac moja 2019 na nusura nijute kununua sita. Ya 2022 ilikuwa kitu kingine kabisa, ukakasi umelainika na kugeuka uzito wa kupendeza, harufu ya tumbaku mbichi imeingia.

Kuhusu karatasi ya chupa, msidanganywe na maneno makubwa. "Grand Vin de Bordeaux" si daraja. "Vieilles vignes", yaani mizabibu mikongwe, haina umri uliowekwa na sheria, kila mtu anaandika anavyoona. Ninachokitafuta ni "mis en bouteille au château" au "au domaine", kuonyesha kwamba mvinyo umetiwa chupani palepale shambani. Juu ya kofia inayofunika kizibo cha chupa nyingi kuna kichwa cha Marianne, yule mwanamke ambaye ni nembo ya Ufaransa, na pembeni yake herufi ndogo. Ikiwa R, aliyevuna ndiye aliyeujaza. Ikiwa N, ni mfanyabiashara aliyenunua mvinyo wa wengine. Wapo wafanyabiashara wazuri, sikatai, ila kwenye bei za chini R imenipa furaha mara nyingi zaidi. Siku hizi herufi hizo hazipo kwenye kila kofia, basi rudi kwenye maandishi ya karatasi.

Mezani, Vacqueyras na mbuzi wa kuchoma ni ndugu. Cairanne na pilau ya nyama, hasa kama iliki na mdalasini havikubaniwa, nayo imekubali vizuri sana. Ila mchuzi wa nazi ukikutana na Bordeaux yenye ukakasi, kinywa kinabaki na ladha ya chuma, na pilipili kali ikikutana na kileo cha asilimia 14 inazidi kuwaka. Siku ya samaki wa nazi hizi chupa naziacha chini. Na kitu kimoja ambacho hakigharimu hata senti: majira ya baridi, nyumba zetu zikiwa na hita hadi nyuzi 22, mvinyo wa mezani unakuwa na joto mno na kileo kinapanda puani. Nautia friji dakika 20 kabla ya kula. Wageni wanashangaa, halafu wanaonja.

Kwa anayeanza leo, 2016 za bei hizi ni za kubahatisha, nyingi zilishanywewa na zilizobaki zimepandishwa. Ninachofanya ni kuwarudia wakulima walewale kwa mavuno ya 2019, ambayo Rhône na Bordeaux yalikuwa mazuri pia. Bordeaux 2017 naipita. Barafu ya mwishoni mwa Aprili mwaka ule iliwaunguza wengi, na wadogo ndio walioumia zaidi.

Jumapili iliyopita nimefungua Fronsac ya mwisho. Niliisimamisha tangu Ijumaa ili mashapo yatulie chini, nikamimina taratibu nikiwa nimeweka tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, nikaacha pale weusi ulipoanza kukaribia. Ukingo wake kwenye glasi umeshakuwa rangi ya tofali. Mke wangu alisema isingefaa kusubiri mwaka mwingine, na nadhani yuko sahihi. Vacqueyras zimebaki mbili, shemeji anarudi Desemba.