Dawa ya chunusi usoni: ununue nini kwanza ukiwa Kigoma

Kabla hujatoa hela kwa kopo la kung'arisha uso pale soko la Mwanga au Ujiji, jua unachopigana nacho. Chunusi huanza pale vitundu vya ngozi vinapozibwa na mafuta na seli zilizokufa. Bakteria huzaliana humo na ngozi ikavimba. Dawa ya kweli hugusa hayo, na huhitaji wiki 8 hadi 12. Anayekuahidi siku tatu, mpite.

Nafasi ya kwanza naipa jeli ya benzoili peroksaidi, ya famasi. Huua bakteria bila kuwafanya sugu, jambo ambalo antibayotiki haiwezi kujivunia. Chukua ya asilimia 2.5, ukiikosa, asilimia 5. Ya asilimia 10 iache: haiponyi kuzidi hizo, ila huchoma zaidi, na ngozi yetu nyeusi ikiungua kidogo tu huacha doa la miezi. Paka kiasi chembamba eneo zima lenye chunusi, wala si juu ya kipele peke yake, na mwanzoni ruka siku moja moja. Inapausha nguo, kwa hiyo lalia foronya nyeupe na unawe mikono kabla ya kushika kitenge.

Ya pili ni adapalini ya asilimia 0.1. Kwa mwenye vipele vidogo vingi visivyo na usaha ningeiweka hata mbele, maana inazuia kuziba kwenyewe. Usiku tu, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Wiki za mwanzo ngozi hubabuka, na jua huiumiza upesi, hivyo mchana vaa kofia au paka krimu ya kukinga jua. Mjamzito asiiguse.

Dada mjamzito, au aliyebaki na madoa meusi, aulizie asidi ya azelaiki. Huponya huku ikififisha madoa. Asidi ya salisiliki ya asilimia 2 inatosha kwa chunusi chache tu. Klindamaisini ya kupaka, ambayo ni antibayotiki, usiitumie peke yake, iambatane na benzoili peroksaidi.

Sabuni ya mawese tunaipenda, na kwa mwili sina neno. Usoni ni kali. Nunua sabuni laini isiyo na manukato, nawa mara mbili kwa siku bila kusugua. Mafuta ya nazi na mawese yasikae usoni. Limao na dawa ya meno vibaki jikoni na bafuni, vinaunguza.

Mwisho kabisa, na naomba sana uuepuke, ni mkorogo. Betamethasone na clobetasol, steroidi zinazotiwa humo, hutuliza uvimbe kwa siku chache, uso unang'aa, kisha ngozi inakonda na chunusi zinarudi kwa wingi. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Krimu isiyo na orodha ya viambato wala alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), irudishe mezani, hata kama muuzaji ni shangazi yako.

Vinundu vikubwa vya ndani vinavyouma, au vinavyoacha mashimo, havitaki jeli ya dukani. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni mapema, kabla kovu halijakaa. Vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi kali, visinunuliwe mkononi mwa mtu: humlemaza mtoto tumboni, na daktari ndiye wa kuviandika.