Uzoefu wangu na Signal: programu niliyoikabidhi siri za wateja

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Wanawake wananitumia kwenye simu mambo ambayo hata ndugu zao hawayajui: picha za majeraha, talaka, mtaa waliokimbilia na watoto. Kabla ya kuwapokea kwenye programu yoyote ya meseji, Signal ikiwemo, nataka kujua mwenye nayo anabaki na nini mkononi.

WhatsApp imefumba meseji mwisho hadi mwisho, yaani anayetuma na anayepokea tu ndio wanaoweza kuzisoma, tangu 2016, tena kwa mfumo uleule wa Signal, na hilo naliheshimu. Lakini bakapu, ile nakala ya akiba ya mazungumzo, haifumbwi hivyo mpaka uiwashe mwenyewe, na wateja wangu karibu wote hawajawahi kuigusa. Telegram siitumii kabisa kwa kazi hii. Mazungumzo yake ya kawaida hayajafumbwa mwisho hadi mwisho, na watu wengi wanaamini yamefumbwa.

Signal ilinishawishi kwa jambo moja. Mwaka 2016 ilitakiwa kisheria huko Marekani itoe taarifa za mtumiaji. Ilichokuwa nacho ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa. Hawakuwa na kingine cha kutoa.

Kwenye matumizi imenifaa sana. Arifa nimewaelekeza wateja waziweke zisionyeshe jina wala maneno. Simu ikilia iko mezani mbele ya mume, kioo kinaonyesha ujumbe mpya tu. Meseji nimeziweka zijifute baada ya wiki, ila picha za ushahidi nazihamishia kwanza kwenye jalada. Tangu 2024 unaweza kutumia jina badala ya kugawa namba, ingawa kujisajili bado kunataka namba ya simu. Kwa hiyo weka PIN na uwashe kufuli la usajili, linalozuia mtu kusajili namba yako kwenye simu nyingine bila PIN hiyo, maana matapeli wanaoteka laini za watu wapo.

Kinachonikera ni kwamba wateja wengi hawanayo, na kumwambia mtu mwenye bando la kuungaunga apakue programu nyingine ni kumwongezea mzigo.

Kuna na wale ambao waume zao wanajua nywila ya simu na wanaikagua kila jioni. Hao siwashauri Signal wala nyingine yoyote, kwa sababu ile alama tu kwenye kioo inatosha kuzua maswali. Tunapanga saa, wanakuja ofisini.