Shokapu mpya za IST: zinastahili pesa yake, ila na mauntini ubadilishe

Nina Toyota IST ya toleo la kwanza, lile la 2002 hadi 2007, na naishi Kivule, Dar es Salaam. Anayeijua Kivule na mashimo yake haulizi shokapu zilikufaje. Ukishuka tuta gari inadunda na kudunda kabla ya kutulia, ukikanyaga breki pua inazama, na tairi za nyuma zimeliwa mabonde mabonde, ukipitisha kiganja unayasikia. Mbele kushoto oili ilikuwa imevuja hadi chini, ikashika vumbi na kuganda tope jeusi.

Gereji utapewa njia tatu: kujaza oili, mtumba wa Japani, au mpya. Kujaza nilikataa palepale. Wanatoboa shokapu, wanatia oili, wanachomelea tundu. Siku za mwanzo gari inakaa ngumu unafurahi, lakini sili, ile raba ya kuzuia oili, iliyovujisha ni ileile na gesi ilishatoka zamani. Mtumba ni kama nusu ya bei ya mpya, na wapo waliobahatika nao. Mimi nilienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, nikashika pea moja nikaikandamiza fimbo: moja ikapanda yenyewe taratibu, mwenzake ikalala kimya, imekufa. Muuzaji ananiambia zote zimetoka gari moja!

Nikachukua shokapu mpya za gesi za kampuni ya KYB, zote nne. Nenda na namba ya chasisi, na uangalie boksi vizuri, maana za mbele kulia na kushoto si sawa.

Kazi yenyewe iko mbele. Kule springi imeizunguka shokapu, na ikiwa imebanwa ina nguvu ya kumuua mtu. Fundi wangu alitumia vibano viwili vya skrubu, anakaza huku kidogo, kule kidogo, uso wake kaupeleka pembeni. Ukiona fundi anafunga springi kwa waya au kamba, ondoa gari yako hapo. Kabla ya kufunga shokapu mpya alizisimamisha wima akazipampu juu chini mara kadhaa kutoa hewa. Nyuma ni kazi nyepesi, springi imekaa peke yake. Jambo lililonifurahisha: bolti ya chini hakuikaza gari ikiwa juu ya jeki, aliishusha kwanza ikasimama kwa tairi zake, ili bushi, raba ya kwenye hiyo bolti, isikae imejisokota.

Tulibishana na fundi kwenye mauntini tu, zile raba za juu zinazoshikilia shokapu kwenye bodi. Yeye anasema za zamani bado nzima, mimi naona mpira umepasuka, unaonekana kabisa. Nikanunua mpya pamoja na bampa stopa, raba ya kuzuia shokapu isigonge mwisho, na vumbikava ya kukinga fimbo na vumbi. Jirani yangu mwenye Vitz aliziruka hizo kubana matumizi, na mpaka leo akikata usukani gari inagonga ko-ko-ko kama haijaguswa. Fundi alitaka pia kuniwekea spesa, kipande cha kuinua gari, inyanyuke kidogo. Sikutaka, kazi ilikuwa kuirudisha gari ilivyokuwa, si kuigeuza Prado.

Matokeo? Mwanzoni utaziona ngumu, ukitoka kwenye shokapu zilizokufa lazima. Barabara ya Morogoro ndiko nilikoona tofauti: lori likikupita kwa kasi, gari inatikisika mara moja inatulia, haiyumbi tena kama mtumbwi. Breki nazo zinashika, pua ikiwa juu. Mashimo ya Kivule bado nayasikia, hilo shokapu haiondoi. Kulibaki kelele ndogo mbele, ikaja kuonekana ni stabilaiza linki, kijiti kinachounganisha shokapu na fimbo ya kuzuia gari isilale kwenye kona.

Alaimenti, yaani kupima na kupanga pembe za tairi, usiiache. Shokapu ya mbele inashikwa na bolti mbili chini, na zikilegezwa pembe ya tairi inahama. Yangu ilivuta kushoto mpaka ilipopimwa.

Tairi za nyuma zilizoliwa bado zinanguruma, na mshahara wa mwezi huu ulishakwisha.