Waya wa spika za studio: hesabu pete kabla ya kuuliza bei

Lalamiko linalonifikia kuliko yote ni la spika kuvuma. Mtu amenunua spika nzuri na kadi ya sauti nzuri, ile inayotoa sauti kwenye kompyuta kwenda spika, anakaa kutengeneza biti, na nyuma ya muziki kuna mvumo, au mlio mwembamba unaobadilika kila akisogeza mausi. Nikimuuliza ametumia waya gani, jibu ni lilelile: "Niliopewa dukani."

Wati na inchi za spika utazisoma kwingine. Mimi nataka uishike plagi ya jeki kubwa, ile ya milimita 6.35, uhesabu pete za plastiki zilizozunguka chuma chake. Pete moja ni TS, waya wa gitaa. Pete mbili ni TRS, na huu ndio unaoutaka. Ndani yake kuna nyaya mbili za sauti zilizofunikwa na wavu wa shaba. Kelele za chaja, simu na umeme wa ukutani zinaziingia nyaya zote mbili sawasawa, na spika inachukua tofauti tu iliyopo kati ya nyaya hizo, kwa hiyo kelele inafutika na muziki unabaki. Hiyo ndiyo balansi. Ukichomeka waya wa pete moja, ulinzi wote huo umekwisha, na hutajua, kwa sababu sauti bado inatoka.

Kwangu nafasi ya kwanza ni TRS kwenda XLR ya kiume, plagi nene ya mviringo yenye pini tatu, jozi moja. XLR hukaa imara nyuma ya spika, na spika nyingi za studio zina tundu lake. TRS kwenda TRS iko sawa kabisa kwa ubora, ila angalia mgongo wa spika kwanza: Yamaha HS5 inapokea zote mbili, lakini ADAM T5V ina XLR na RCA tu, ile plagi ndogo ya redio na deki. Kuhusu chapa nina upande, na silifichi hilo: waya wa Canare L-4E6S, wenye nyaya nne zilizosokotwa pamoja ili kupambana na kelele, uliofungwa plagi za Neutrik. Plagi hizo zinafunguka, hivyo waya ukikatika fundi analehemu upya na kazi inaendelea. Mogami nayo ni bora, sina ugomvi nayo, lakini kwa mita mbili za chumbani sioni itakachoniongezea juu ya Canare.

Nafasi ya pili ni RCA, kwa wenye kadi zisizotoa kitu kingine, kama Behringer UM2 au M-Audio M-Track Solo. RCA haina balansi. Nunua waya mfupi kadiri meza inavyoruhusu na uuweke mbali na chaja. Kama kadi bado hujainunua, ongeza kidogo uchukue M-Track Duo yenye matundu ya TRS.

Ya mwisho ni jeki ndogo ya milimita 3.5 ya kompyuta yenyewe, na hapa ndipo watu wanapoumizwa. Jeki hiyo hubeba kushoto na kulia ndani ya plagi moja. Waya sahihi hugawanyika mara mbili, na kila ncha kubwa ina pete moja tu. Ukiuziwa ule unaoishia kwenye TRS moja au XLR moja, spika itadhani imepewa balansi, itaondoa sauti ya kulia kutoka ile ya kushoto, na kila kilicho katikati ya miksi kitapotea: sauti ya mwimbaji, besi, kiki ya ngoma. Tundu la hedifoni la kadi likiunganishwa na spika kwa TRS linaleta balaa hilohilo. Nimeona maprodyuza wakilaumu spika zao kwa kosa la waya.

Na kama unachukua TRS za bei ya chini kabisa: ziwe na pete mbili, basi.

Na wauzaji wanachangia. TRS inaandikwa "stereo" kwenye mfuko, mnunuzi anaamini waya mmoja utabeba pande zote mbili. Bei inayobandikwa ni ya waya mmoja, ilhali spika ni mbili. Kisha unalipishwa zaidi kwa plagi ya rangi ya dhahabu, ambayo inazuia kutu tu, haigusi mvumo hata kidogo.

Mvumo ukibaki hata baada ya TRS, chomoa chaja ya laptopu. Ukitoweka, tatizo huenda ni njia ya ethi, yaani waya wa umeme unaokwenda ardhini. Chomeka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja usikilize tena. Kuna wauzaji wanaoshauri ukate pini ya ethi kwenye plagi ya umeme. Pini hiyo ipo ili usipigwe na umeme. Anayekushauri hivyo, usinunue kwake tena.